Amin wa Kibandani, Amin wa Baba: Mafunzo Niliyopata

Nimefundisha historia shule ya msingi tangu 2001, darasa la sita na la saba, hapa Mwanza. Kwa miaka yote hiyo nimehangaika na upungufu wa vitabu, njaa ya watoto na madarasa yanayofurika hadi wengine wanaandikia magotini. Lakini aliyenipa kazi kubwa kuliko wote ni mwalimu mwenzangu asiyeandikwa kwenye ratiba: filamu. Watoto wanakuja darasani wakiwa wameshafundishwa naye, na alichowafundisha hakitoki kwa chaki. Mimi mwenyewe alinifundisha kabla sijawa mwalimu. Haya ndiyo niliyojifunza kwake na kumhusu.

1. Picha humshinda hata shahidi

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la sita. Mama alinituma mashineni kusaga mahindi. Nikasaga nusu, hela ya nusu nyingine nikalipia kiingilio cha kibanda cha video. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, matundu yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na mabenchi ya mbao ambazo hazikuwahi kupigwa randa. Ukikaa na sketi ya shule unarudi nyumbani ina nyuzi zilizochomoka. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vya kwanza vilikuja 1994. Kwetu televisheni ilikuwa chombo cha kuonyeshea kanda, basi, na kilichotokea kwenye kile kioo tulikiamini kama tulivyoamini taarifa ya habari ya redio.

Siku ile walionyesha Rise and Fall of Idi Amin, filamu ya 1981 iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa Kenya, Amin, mtawala wa Uganda, akiigizwa na Mkenya Joseph Olita. Mtaani ilikuwa na jina moja tu: picha ya Amin. Wavulana waliokaa mbele walibishana tangu mwanzo nani stelingi. Kwa kanuni za kibandani stelingi hafi, na adui hupata kipigo chake mwishoni. Hapa anayeonekana muda wote ndiye adui, na stelingi hajulikani. "Atatokea mbele, subirini," mmoja akasema. Tulisubiri. Tulichokiona ni Amin na friji lenye vichwa vya watu. Nilifumba macho, lakini nilikuwa nimechelewa.

Baba yangu alipigana vita dhidi ya Amin. Alikuwa mgambo, akachukuliwa mwishoni mwa 1978 nikiwa na miaka miwili, akarudi katikati ya mwaka uliofuata. Jioni ile nikamkuta anapiga pasi suruali yake ya kazi kwa pasi ya mkaa, nikamwuliza kama alimwona Amin akila watu. Hakuinua macho. "Mimi Amin sikumwona hata siku moja," akasema. "Niliona matope."

Najua nilichohisi, na bado kinanichoma: nilihisi baba hakuwa amefika vitani hasa. Kama angefika, angeona nilichokiona mimi kwa hela ya mahindi.

Miaka mingi baadaye niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kuandika mambo matatu wanayoyajua kuhusu Idi Amin. Nikasahihisha madaftari usiku kucha, na karibu kila daftari lilikuwa na friji. Kula watu, vichwa kwenye friji, mnene. Hakuna aliyetaja kwamba mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, wala kwamba daraja la Kyaka lilivunjwa, wala kwamba Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Hawa walikuwa watoto waliozaliwa miaka zaidi ya kumi baada ya vita. Friji limewafikia, daraja halikuwafikia.

Madai ya kula watu hayakuwahi kuthibitishwa. Yaliyothibitika yanatosha na kuzidi. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani 1972 asionekane tena. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Waasia walipewa siku 90 waondoke nchini. Waliouawa katika miaka minane ya utawala ule wanakadiriwa mara nyingi kufikia 300,000. Kila ninapolifikiria lile friji naona jinsi lilivyotupunja: tulipewa zimwi la hadithi, na zimwi halina vituo vya polisi, halina makarani wa kuandika majina, halina majirani wanaochongea wenzao. Mtoto aliyefundishwa zimwi hatakitambua kitu chenyewe kikija kimevaa suti.

2. Anayesimulia ndiye mwenye picha

Watu wa Dar es Salaam watawataja wasimulizi wa filamu Lufufu na DJ Mark, na wana haki, maana sauti zile ziliigeuza kazi ya kutafsiri picha kuwa sanaa kamili. Filamu ya Marekani au ya China ilikuwa inafika Kahama ikiongea Kiswahili, na msimulizi hakuwa anatafsiri tu. Alikuwa anaeleza huyu ni nani, kwa nini ana hasira, nini kitamkuta asipoangalia nyuma.

Kibandani kwetu hatukuwa na mtu wa jina kubwa hivyo. Tulikuwa na kijana aliyeishia kidato cha nne, ana kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe mweusi, anakaa ubavuni mwa televisheni akituangalia sisi kuliko anavyoiangalia picha. Wakati huo nilikuwa sekondari. Siku moja wakaweka Sarafina!, ile filamu ya 1992 ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini. Picha ikafika pale watoto wanapokataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Kijana yule akainamia kipaza sauti chake, akatuambia hii si hadithi, hii ni tarehe 16 Juni 1976. Kisha akaongeza kitu ambacho hakimo kwenye filamu: kwamba vijana waliokimbia baada ya siku ile, baadhi yao walikuja kwetu, wakajengewa shule Mazimbu, Morogoro, na wengine wamezikwa palepale.

Ni kweli tupu. Chuo cha Solomon Mahlangu kilianza Mazimbu 1978, kwenye ardhi ambayo Tanzania iliwapa ANC, na makaburi yapo hadi leo. Sikuwahi kuambiwa hivyo darasani. Niliambiwa kwenye benchi la mbao na mtu aliyefeli mtihani wa kidato cha nne, na kibanda kizima, kilichozoea kupiga miluzi, kilikuwa kimya hadi tukaisikia injini ya jenereta nje.

Nimekutana na wasomi wanaowabeza wasimulizi wale kwa kuwa waliharibu kazi za watu. Waliharibu, ndiyo, mara nyingine vibaya sana. Ila walifanya jambo ambalo mtengenezaji wa filamu Hollywood asingeweza kulifanya hata angetaka: walituonyesha mahali ambapo picha ile inatugusa sisi.

3. Mwenye projekta hapangi watu wataondoka na nini

Bibi mzaa mama alikulia Korogwe kwenye kambi za mkonge. Juu ya kambi zile, mlimani Vugiri, Waingereza walifanya jaribio la filamu kati ya 1935 na 1937. Kundi lililoongozwa na Meja Notcutt lilitengeneza filamu fupi zaidi ya thelathini za kuwafundisha Waafrika: kodi, safura, malaria ya watoto, kuweka akiba posta. Sauti haikuwa kwenye filamu yenyewe; ilitoka kwenye sahani za santuri zilizopigwa pembeni, ili lugha iweze kubadilishwa kulingana na mahali.

Bibi hakuziona hizo, alikuwa mdogo mno. Alichokiona ni gari la sinema la miaka ya 1950. Alisimulia vile shuka jeupe lilivyotandikwa kati ya miembe miwili, watu wakakaa pande zote mbili, na waliokaa nyuma ya shuka wakawaona watu wa kwenye picha wakila kwa mkono wa kushoto. Kwake hilo ndilo lililokuwa kubwa. Somo lililokuwa linafundishwa alishalisahau. "Labda choo," alisema.

Ila kuna kitu hakukisahau, nacho ni uso wa kijana mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilipiga Tanganyika filamu za Kiswahili, kwa ushirikiano na serikali ya kikoloni, na kati ya hizo ni Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mwigizaji mkuu alikuwa kijana wa idara ya ustawi wa jamii, mzaliwa wa Songea. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, aliyeshika nafasi ile alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Bibi alisema habari ilipofika kambini, wanawake waliokuwa kisimani waliulizana: "Yule wa Muhogo Mchungu?"

Siamini kwamba filamu ndizo zilizomfikisha Kawawa alikofika. Alijengwa na vyama vya wafanyakazi. Alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho lao lilipoundwa 1955, na hiyo ilikuwa kazi ya jasho. Lakini nalifikiria lile swali la kisimani. Mkoloni alitaka watu waone namna ya kuishi anavyotaka yeye. Watu wakaona Mwafrika amesimama katikati ya picha, anaongea Kiswahili, na kila mtu kwenye shuka anamsikiliza. Wanawake wale hawakuwa na redio wala hawakujua kusoma gazeti, na bado waziri mkuu wao alikuwa na sura wanayoijua. Katika nchi ambayo hadi muda mfupi nyuma sura ya mtawala ilikuwa ya gavana, hilo si dogo.

4. Filamu inaweza kusema uongo na kweli kwa mdomo mmoja

Shangazi yangu aliuza mapanki kwa miaka kumi na minane. Kwa asiyeyajua: viwanda vya samaki vinapokwisha kutoa minofu ya sangara, kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa. Hiyo ndiyo panki. Linaanikwa kwenye chanja, linakaangwa, linauzwa kwa mama mwenye ugali mwingi na hela kidogo. Shangazi alikuwa na mikono yenye alama za mafuta ya moto hadi viwikoni, na aliweza kukwambia kwa kunusa tu panki hili lilitoka kiwandani jana au juzi.

Julai 2006 Rais Kikwete alikuja Mwanza na kuilaani hadharani filamu iitwayo Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper wa Austria. Ilitoka 2004, na mapema 2006 ilikuwa imeshindania tuzo ya Oscar. Sisi hatukuijua kwa jina hilo. Tuliiita filamu ya mapanki. Ilisema kwamba ndege zinazobeba minofu yetu kwenda Ulaya hazikuwa zinakuja tupu, zilikuwa zinakuja na silaha za vita vya Afrika; na ilionyesha watu wa Mwanza wakila mabaki ya samaki wanaoshibisha wengine. Mji ukachemka. Yakafanyika maandamano ya kuipinga, na mwalimu mwenzangu mmoja alirudi na sauti imekauka. Nikamwuliza kama ameiona. Hakuwa ameiona. Mimi pia sikuwa nimeiona, na nilikuwa na hasira kama yeye.

Mwaka uliofuata nilipata nakala. Nikaenda nayo kwa shangazi na deki ya kuazima, nikamtafsiria mimi mwenyewe, nikiwa msimulizi wake. Alitazama bila kusema neno hadi ilipofika kwenye chanja, wanawake wanageuza vichwa vya samaki kwenye moshi. Akasema, "Huyu angeniuliza." Nikasimamisha kanda. Akaniambia, kwa hasira ya mtu aliyetukanwa kazini, kwamba shavu la sangara ni nyama tamu kuliko mnofu, kwamba wateja wake wanagombania vichwa, kwamba mapanki yamesomesha watoto watatu. "Ameonyesha moshi. Mbona hakuonyesha ada za shule?"

Nikadhani amemaliza. Akakaa kidogo, akapangusa mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na kitu. "Lakini mwanangu, zamani tulikuwa tunanunua samaki mzima. Hilo hajadanganya."

Tangu siku ile nimeacha kuuliza kama filamu ni ya kweli au ya uongo. Habari ya silaha Sauper aliijenga kwa maneno ya marubani na kwa namna alivyopanga picha zake, na hakuonyesha hata bunduki moja ikishushwa uwanjani kwetu. Hilo ni udhaifu mkubwa, nami nalisema hata leo. Habari ya samaki kupanda ndege na mfupa kubaki ilikuwa mbele ya macho yetu kila siku, na sisi tulioandamana tuliikasirikia filamu kwa kuitaja kuliko tulivyoikasirikia hali yenyewe. Laiti mtu wa hapa angeitengeneza filamu ile kwanza, akamuuliza shangazi! Furu walivyokwisha ziwani baada ya sangara kupandikizwa, wavuvi walivyohama kutoka mtumbwi wa kurithi hadi mtumbwi wa kukodi: yote hayo wazee wa soko la samaki la Mwaloni wanayajua. Hakuna aliyewawekea kamera.

5. Uliza kamera ilikuwa imekaa wapi

Chuoni nilisoma na mwalimu kutoka Unguja ambaye amebaki rafiki yangu. Alinionyesha kwenye simu yake kipande cha Africa Addio, filamu ya Kiitaliano ya Jacopetti na Prosperi iliyotoka 1966. Ni picha za Zanzibar siku chache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, zimechukuliwa kutoka angani: watu wanaokimbia kuelekea baharini, miili iliyolala, mashimo marefu. Sioni haja ya kueleza zaidi.

Rafiki yangu hakulia. Aliniambia nyumbani kwao hayo hayakuzungumzwa kamwe, si na waliokuwa upande huu wala upande ule, kwa kuwa ndugu zake walikuwa pande zote mbili. Picha zile ndizo za kwanza kumwambia kwamba kimya cha nyumbani kilikuwa na umbo. Na papo hapo, akasema, picha zenyewe zilikuwa zinamdharau. Msimulizi wa filamu ile anatembea Afrika nzima akitaka kuthibitisha jambo moja: kwamba Mwafrika akiachiwa nchi yake anageuka mnyama. Maiti za Zanzibar amezitumia kama ushahidi wa kesi yake. Marehemu wenyewe hana habari nao. Hakuna jina, hakuna anayelia, hakuna aliyeulizwa chanzo ni nini.

Hapo ndipo nilipojifunza swali ambalo sasa nawafundisha wanafunzi kabla ya swali lingine lolote. Kamera ilikuwa wapi? Ilikuwa juu, kwenye chombo cha kukodi, imeshikwa na watu waliokuja kwa siku chache na kuondoka. Kutoka kule juu mtu ni nukta. Ukweli wa kwamba watu waliuawa haufutwi na dhamira mbaya ya mpiga picha. Na dhamira yake mbaya haitakaswi na ukweli wa miili ile. Lazima uyashike yote mawili, na mikono inachoka.

Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, filamu ya mapenzi na siasa katika Zanzibar ya miaka ya mwisho ya Mwingereza. Rafiki yangu alipoiona alinipigia simu usiku. Hakuzungumzia siasa hata kidogo. Alizungumzia baiskeli, vichochoro, taa, namna mtu anavyofunga mlango wa kwao taratibu usiku ili bawaba zisilie. Safari hii kamera ilikuwa imesimama chini, kwenye kimo cha watu.

6. Watoto huvaa wanachokiona

Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, wanafunzi wangu walikuja wakiwa wamevimba macho. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders Dar es Salaam kumuaga. Rais alikwenda msibani. Wazee wengi walishangaa. Mimi sikushangaa, kwani kwa miaka mitano nilikuwa nimewaona wavulana wakiiga kutembea kwake na wasichana wakiiga kulia kwa waigizaji wenzake, hata namna ya kuomba radhi nyumbani. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walituma kanda za filamu hizo Bujumbura, Kigali na Bukavu, na Kiswahili kilikwenda nazo bila sera ya serikali yoyote. Walichokuwa wanakiona humo, jumba la kifahari, gari, mchawi, mwanamke anayeadhibiwa kwa kupenda hela, kinastahili mjadala mrefu ambao walimu tulikataa kuufanya kwa sababu tuliona ni upuuzi wa mtaani. Najuta. Nilikuwa na watoto hamsini waliokuwa tayari kujadili jambo, nami nikawaambia wafungue vitabu.

7. Kanda huota ukungu

Mwaka 1999, nikiwa sijaanza kazi, nilimkodi mpiga video wa harusi aje amrekodi baba akisimulia vita. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Baba alivaa koti, akakaa chini ya mwembe, na kwa saa moja na nusu akazungumza mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia. Kanda nikaiweka kabatini, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki nikidhani naitunza. Kumbe nilikuwa naipika. Mwanza ni mji wa ziwa, unyevu haukosekani, na plastiki inaufungia ndani.

Mwaka 2016 nilipoipeleka ihamishiwe kwenye kompyuta, fundi aliifungua akanionyesha: utando mweupe umetambaa kwenye utepe kama ule wa mkate uliolala. Alisafisha alichoweza. Dakika za mwanzo zilipona, na za mwisho. Katikati ni mistari ya kijivu na sauti kama ya mvua kwenye bati.

Sehemu iliyokufa ni ya Masaka. Mji ule wa Uganda ulitwaliwa na majeshi yetu Februari 1979 na ukabaki magofu. Baba aliuzungumzia siku ile tu, chini ya mwembe, kwa sauti ya chini hadi mpiga video akamwomba asogee. Sikumbuki alichosema. Nilikuwa nashughulika na kuku wasipite mbele ya kamera.

Taifa letu lilianzisha Kampuni ya Filamu 1968, likiwa changa na maskini, kwa sababu viongozi wa wakati ule walielewa kwamba nchi isiyojipiga picha itajitazama kwenye picha za wengine. Kampuni ile ilikufa. Filamu za kizamani huoza kwenye makopo yake na kutoa harufu ya siki. Joto na unyevu huharakisha. Kabati langu linanitosha kujua hasara ya kitu hicho ikoje, nami nawasihi wenye makopo, wenye kanda, wenye wazee: msingoje.

8. Sauti inaweza kuzimwa

Mwaka 2017 nilimwomba mwalimu mkuu projekta, nikamleta baba darasani. Alikuwa na miaka 68. Watoto wakasimama, "Shikamoo babu!", akaitikia marahaba akatafuta kiti. Nilikuwa nimechagua sehemu ya mwisho ya picha ya Amin, ile ya vita, nikiruka yasiyofaa watoto. Nilitaka watazame kwanza, kisha baba aseme ni nini kilikuwa tofauti.

Haikupita dakika moja akaninyooshea mkono. "Hiyo sauti, izime."

Nikaizima. Picha ikaendelea kimyakimya ukutani, na baba akaanza kusimulia juu yake. Hakuwa anaifuata. Ukutani ni mchana. Yeye alikuwa anasema usiku, mvua, tumeshuka meli Bukoba, mguu hadi goti. Ukutani Amin anafoka. Yeye alikuwa anaeleza jinsi ya kukausha soksi kwa kuzifunga tumboni. Alieleza mizinga ya roketi ambayo Waganda waliita saba-saba, na kwamba waliokuwa wanaipiga waliiogopa kama waliokuwa wanapigwa. Akafika Lukaya, huko Uganda: barabara moja tu, mafunjo huku na huku, giza, hujui aliye mbele yako ni mwenzako au ni Mlibya wa upande wa Amin. Alimtaja mtu wa Shinyanga aliyemwazima kijiko asubuhi, na jioni hakukuwa na wa kumrudishia.

Watoto walikuwa wameacha kutazama ukuta. Wote walikuwa wamemgeukia.

Mvulana wa dawati la pili akanyoosha kidole. "Babu, sasa hapo stelingi ni nani?"

Baba alinyamaza. Nikadhani amechoka, nikainuka niwashe taa. Akanizuia kwa kiganja, macho yake kwenye ule mwanga wa ukutani.

"Mwanangu, rudisha nyuma," akasema. "Nimewaruka watu wa Masaka."